Kaskazi haikatazi mazoezi: historia fupi ya yoga na Pilates kwa msomaji wa Unguja

Ikifika Disemba, Unguja inabadilika. Mvua za vuli zinakatika, upepo wa kaskazi unashika, na kuta nene za Mji Mkongwe zinaanza kurudisha usiku lile joto zililolimeza mchana kutwa. Hapo ndipo mtu aliyekuwa akinyoosha viungo kila asubuhi tangu kipupwe anapokunja mkeka wake na kusema, "Mpaka joto lipungue."

Sasa hebu tupige hesabu. Kaskazi inakwenda mpaka Machi. Baada yake ni masika, na mvua nayo ni sababu nzuri ya kulala. Miaka hii Ramadhani pia inaangukia humo humo: mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na kila mwaka inarudi nyuma kwa siku kama 11. Yaani "mapumziko ya joto" yanaweza kukaribia nusu mwaka, na misuli isiyotumika haisubiri. Inapungua nguvu, mgongo unakaza, na ukirudi Juni unaanza upya.

Kwa hiyo swali letu ni hili: mazoezi ya polepole kama yoga na Pilates yanaweza kuendelea wakati wa kaskazi? Yanaweza. Ukiangalia yalikotoka, utaona kwa nini.

Kalenda iliyopinduka

Ushauri mwingi wa "mazoezi ya kiangazi" unaosambaa mtandaoni unaandikwa Ulaya na Marekani, ambako joto ni Juni hadi Agosti. Hata Siku ya Kimataifa ya Yoga, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2014 na kuadhimishwa kwa mara ya kwanza 2015, iko tarehe 21 Juni, siku ambayo mchana ni mrefu kuliko zote katika nusu ya kaskazini ya dunia. Kwetu Juni ni kusi, wakati wa baridi kidogo. Sisi tuko kama nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, na jua la adhuhuri linapita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka: karibu na mwanzo wa Oktoba, na tena mwanzoni mwa Machi, pale pale joto linapokuwa kali.

Zanzibar ina siku yake. Kila tarehe 1 Januari, katikati ya kaskazi, vikundi vya mazoezi vya mitaani hukusanyika kwa Siku ya Mazoezi ya Kitaifa. Wanaanza asubuhi mapema, kabla jua halijapanda. Hilo ndilo jibu la kisiwa kwa joto: kazi haiachwi, inasogezwa kwenye kingo za siku.

Yoga haikushuka na majahazi

Ni rahisi kudhani kwamba yoga ililetwa na kaskazi. Upepo huo ndio uliosukuma majahazi ya Kutch, Gujarat na Oman hadi bandari yetu kwa karne nyingi, na Wahindi wa Mji Mkongwe ni sehemu ya historia hiyo. Lakini yoga unayoiona leo, ya mikao mingi inayofuatana kwa mpangilio, ni changa kuliko majahazi hayo. Neno na falsafa yake ni vya kale sana, ila darasa la mazoezi lilichukua sura yake hasa katika karne ya 20.

Mwaka 1924, Swami Kuvalayananda alianzisha kituo cha Kaivalyadhama huko Lonavla, India, akaanza kupima kwa vifaa vya maabara mwili unafanya nini wakati wa mikao na pumzi. Katika miaka ya 1930, T. Krishnamacharya alifundisha vijana katika kasri la Mysore. Mmoja wa wanafunzi wake, B.K.S. Iyengar, alikuwa dhaifu wa afya tangu utotoni. Baadaye alizoeza watu kutumia mikanda, viti na matofali ya mbao ili hata mgonjwa na mzee aweze. Ona kwamba haya yote yalikua katika nchi ya joto, na bila feni ya kila kona.

Pilates ilikulia kambini

Joseph Pilates alizaliwa Ujerumani mwaka 1883, mwaka ule ule Sultan Barghash alipojenga Beit al-Ajaib pale Forodhani. Naye pia alikuwa mtoto wa maradhi. Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza 1914 alikuwa Uingereza, na kwa kuwa ni Mjerumani, akafungiwa kambini, mwisho katika kisiwa cha Man. Vita hivyo hivyo vilifika mpaka kwetu: Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja.

 Kambini kulikuwa na sakafu, pumzi na muda mwingi. Humo ndimo Pilates aliposuka mazoezi yake: marudio machache, polepole, kwa umakini, tumbo na mgongo vikiwa kitovu. Katika miaka ya 1920 alihamia New York na kuyafundisha kwa jina la Kontrolojia. Jina lake mwenyewe lilishika baadaye.

Basi ufanye nini kaskazi hii?

Mwili unajipoza kwa jasho, lakini si kwa kutoka tu: lazima likauke. Hewa yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo jasho linabaki mwilini na joto linabaki nalo. Mazoezi ya polepole yanazalisha joto dogo kuliko kukimbia, na hiyo ndiyo faida yake msimu huu.

Chagua saa kumi na mbili asubuhi, au jioni jua likishazama. Dakika 15 zinatosha. Tandika mkeka wa ukili penye upepo: uani, barazani, au juu ya paa. Kanga iliyokunjwa inafanya kazi ya mkanda wa kuvutia miguu. Kunywa maji kabla na baada. Mwezi wa Ramadhani, fanya kidogo tu karibu na kufuturu, au baada ya tarawehe. Mwili huzoea joto kwa wiki moja hadi mbili, basi anza na nusu ya ulichozoea. Misuli yenye joto hunyumbuka kirahisi, kwa hiyo usiivute kupita kiasi. Ukisikia kizunguzungu, acha, kaa kivulini, unywe maji. Mwenye kisukari, presha au ujauzito aongee na daktari wake kwanza.

Ni ya nani?

Nenda Paje au Jambiani maji yakiwa yametoka. Ufukweni utawakuta wageni wamejipanga kwenye mikeka, wananyoosha migongo. Mita chache mbele yao wanawake wameinama kwenye mashamba ya mwani, kazi iliyoingia Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980. Saa zao zinapangwa na bamvua, si na jua, na wanarudi nyumbani wameshika viuno.

Kati ya makundi hayo mawili, nani anahitaji zaidi zoezi la mgongo? Iyengar na Pilates walianza na miili yao wenyewe iliyokuwa ikiwasumbua. Kwa hiyo ukiona mazoezi haya yanaitwa ya wazungu au ya wenye hoteli, kumbuka yalianzia kwa wagonjwa na wafungwa. Kesho asubuhi tandika mkeka, na umwite mama, shangazi au jirani anayelalamika kiuno. Kaskazi itapita, mgongo ataendelea kuwa nao.