Hamburg ya Sayyida Salme

Mji wa Hamburg hauko baharini. Mzaliwa wa kisiwani hustaajabu kuikuta bandari kubwa kiasi kile mahali ambapo bahari kuu iko mbali kilomita 100 hivi, na meli hazina njia ila mto mmoja, Elbe. Hata hivyo, ni kwa mto huo Unguja ilijuana na Wajerumani, miaka mingi kabla Carl Peters hajafika pwani kwetu mwaka 1884 na karatasi zake za mikataba. Sisi aghlabu huianza hadithi ya Wajerumani kwa Peters na bendera. Hamburg huianza kwa kauri.

Nilikuwa huko Jumamosi na Jumapili moja ya mwezi wa Mei, pamoja na sahibu yangu wa tangu ujana, mtu wa Unguja aliyeishi Ujerumani zaidi ya miaka 30. Kwa muda nimekuwa nikifasiri kurasa za kitabu cha Sayyida Salme binti Said, ambaye Wazungu wanamjua kwa jina la Emily Ruete, nami nilitamani kuuona mji alioletwa akiwa bibi harusi na kaburi alilolazwa. Sahibu yangu alikubali kunitembeza kwa sharti. "Nitakupeleka kwa bibi yako, Malenga," aliniambia, "lakini kwanza utaiona mali. Bibi yako hakuja hapa kwa mapenzi peke yake. Alikuja kwa njia iliyokwisha kuchongwa na mali."

Basi Jumamosi ikawa siku ya mali.

Katikati ya karne ya kumi na tisa wafanyabiashara wa Hamburg waligundua kwamba kauri zilizookotwa katika fukwe zetu, ambazo kwetu hazikuwa na thamani kubwa zaidi ya kuchezea bao na kupambia, huko Afrika Magharibi zilikuwa fedha. Wa kwanza kuifanya biashara hiyo kwa nguvu alikuwa Adolph Jacob Hertz. Akafuatia William O'Swald, ambaye kampuni yake ilifungua ofisi Unguja mwaka 1849. Jahazi ziliteremka kutoka Hamburg na bidhaa za Ulaya, zikajaza kauri Unguja, zikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, zikazimwaga kauri katika masoko ya upande wa Lagos, na zikarudi Elbe na mafuta ya mawese ya kutengenezea sabuni na mishumaa. Kauri zilipozidi thamani yake iliporomoka huko, na waliokuwa wameweka akiba ya maisha yao katika makapu ya kauri wakajikuta hawana kitu. Jambo hili sijapata kulisikia likisimuliwa kwetu, ilhali vidole vilivyoziokota vilikuwa vyetu.

Kauri zilifuatana na sandarusi, ufuta, ngozi, karafuu na pembe za ndovu. Mwaka 1859 Hamburg, Bremen na Lübeck zilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Majid. Yaani miji mitatu ya wachuuzi, kabla Ujerumani haijawa dola moja, ilikuwa na mkataba na Unguja.

Katika mtaa wa Große Reichenstraße lipo jengo liitwalo Afrikahaus, Nyumba ya Afrika, lililojengwa mwaka 1899 na kampuni ya Woermann. Mlangoni amesimama askari wa Kiafrika wa shaba, mwili wazi, na ndani wako ndovu wawili wa kuchongwa. Woermann alitajirika zaidi upande wa magharibi, na meli zake ndizo zilizowapeleka wanajeshi kuwaua Waherero mwaka 1904. Lakini alikuwa pia miongoni mwa walioanzisha mwaka 1890 ile safu ya meli za Afrika ya Mashariki ambayo wazee wetu waliijua vizuri. Nilimtazama yule mtu wa shaba kwa muda. Ni kazi ya fundi hodari. Ila hana jina, na sikuona popote palipoandikwa kuwa alikuwa nani. Watembezi wengine waliokuwapo walipiga picha wakaenda zao.

Kutoka hapo tulivuka mifereji hadi kwenye maghala ya matofali mekundu ya Speicherstadt, yaliyofunguliwa mwaka 1888. Ili yajengwe, maelfu ya watu walihamishwa na mitaa yao ikabomolewa. Tangu mwaka 2015 yamo katika orodha ya urithi wa dunia, kama ulivyo Mji Mkongwe wetu tangu mwaka 2000. Yanapendeza sana jua linapozama, wala sina zaidi la kusema juu yake, isipokuwa kwamba sahibu yangu alisimama chini ya winchi moja ya ghorofani akavuta pumzi kwa nguvu, akatafuta harufu ya karafuu, asiipate.

Nilidhani siku imekwisha, kumbe alikuwa na mahali pamoja zaidi. Tulipanda treni hadi stesheni ya Dammtor, tukasimama mbele ya jengo la kuba la Chuo Kikuu, lililofunguliwa mwaka 1911. Chuo chenyewe kiliundwa mwaka 1919, lakini kabla yake palikuwa na Taasisi ya Kikoloni, iliyowafunza maofisa na wachuuzi waliokuwa wakienda makoloni. Kiswahili kilisomeshwa humo, na miongoni mwa waliokisomesha alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1903 ambacho hakuna mwanafunzi wa mila zetu anayeweza kukikwepa. Mtoro alioa mke wa Kijerumani mwaka 1904. Mwaka uliofuata walisafiri pamoja kurudi kwao, na serikali ya kikoloni ikawazuia kushuka Dar es Salaam, kwa sababu Mwafrika aliyeoa Mzungu alikuwa aibu machoni pa serikali hiyo. Wakarudishwa Ulaya. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927, hakuiona pwani tena.

Uwanjani hapo pia palisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyevunja vita vya Abushiri mwaka 1889. Kwanza ilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909, Waingereza wakaiteka, kisha ikaletwa Hamburg mwaka 1922. Wissmann yuko juu, na chini ya miguu yake askari Mwafrika anamtazama kwa utiifu. Wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, ikasimamishwa tena, wakaiangusha kwa mara ya mwisho mwaka 1968. "Mtu wa shaba mlangoni kwa Woermann, mtu wa shaba miguuni pa Wissmann," alisema sahibu yangu, "na Mtoro, mwenye jina na kitabu, hana hata kijiwe." Sikuwa na la kumjibu.

Jumapili asubuhi tulikwenda Ohlsdorf.

Hayo ni makaburi, lakini Mswahili akisikia "makaburi" hawezi kuyafikiria yalivyo. Yalifunguliwa mwaka 1877, eneo lake ni karibu hekta 389, na ndani mna barabara, maziwa, misitu na mabasi yenye vituo vyake. Tulipanda basi kwenda kumzuru maiti. Kaburi la akina Ruete ni la kawaida, si la fahari. Juu ya jiwe la Salme umechongwa mstari wa mshairi wa Kijerumani Theodor Fontane, wenye kuwasifu wapendao kwao. Kijerumani changu ni cha kuombea maji, kwa hiyo sahibu yangu alinisomea, akanieleza neno kwa neno.

Maisha ya aliyelala hapo yanajulikana na wengi, nami nitayapitia kwa haraka. Alizaliwa Beit al-Mtoni tarehe 30 Agosti 1844, binti wa Sayyid Said bin Sultan na suria wa Kicherkasi aitwaye Jilfidan. Watoto wa kike wakati huo walifundishwa kusoma tu, kuandika kulikatazwa. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kwa mtu kama mimi, ambaye elimu yake ameiokota njiani, habari hiyo ya mfupa ina utamu wa pekee. Lakini kalamu hiyohiyo ilimponza mapema: Barghash alipotaka kumpindua Majid mwaka 1859, Salme, binti wa miaka kumi na mitano, ndiye aliyekuwa katibu wa waasi, kwa kuwa alijua kuandika. Uasi ulishindwa.

Kisha akajuana na jirani yake wa Mji Mkongwe, wakala wa biashara kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Akachukua mimba. Mwezi wa Agosti mwaka 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, hadi Aden. Huko alijifungua mtoto ambaye hakuishi sana, na tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa jina la Emily na kuozeshwa, siku moja. Mwezi uliofuata alikuwa Hamburg. Alizaa watoto watatu mfululizo, Antonie Thawka, Rudolph Said na Rosalie Ghuza. Na Agosti mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu ya farasi. Mjane hakuwa ametimiza miaka 26.

Yaliyofuata ni miaka ya kuhangaika kutoka mji hadi mji, akifundisha Kiarabu ili apate riziki, akidai urithi wake Unguja asiupate. Mwaka 1875 Barghash, sasa akiwa Sultani, alizuru London, na Salme akamfuata huko. Waingereza wakafanya hila asimwone. Mwaka 1885 Bismarck alimleta Unguja pamoja na manowari zake, si kwa kumhurumia bali kumtia hofu Barghash. Mwaka 1886 kitabu chake kilitoka Berlin, nacho huhesabiwa miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa za mwanamke wa Kiarabu. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924. Katika vitu vyake kilipatikana kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, akazikwa nacho.

Hapo kaburini ndipo tulipokhitilafiana. Nilikuwa nimenyanyua mikono, sahibu yangu akanishika bega. Hoja yake haikuwa ubatizo wake. Hilo, alisema, ni baina yake na Mola wake. Alitaka nikumbuke ile sura ya kitabu inayohusu watumwa. Na ni kweli: Salme anawatetea mabwana wa Unguja, anasema utumwa wa Mashariki haufanani na wa Marekani, anawalaumu Waingereza kwa kuuondoa, na anawasema watu weusi kuwa wavivu wasiofanya kazi ila kwa kulazimishwa. Aliandika hayo mwaka 1886. Soko la watumwa la Unguja lilikwisha kufungwa mwaka 1873, lakini katika mashamba ya karafuu utumwa ulikuwa bado halali na ungeendelea hivyo hadi mwaka 1897.

"Mama wa bibi yangu alikuwa shambani huko," alisema sahibu yangu. "Huyu alimwona, Malenga. Alimwona kila siku akiletewa maji ya kuoga, na alichokiona ni uvivu."

Nilimkumbusha kwamba Jilfidan naye alitekwa akiwa mtoto mdogo, wazazi wake wakauawa, akauzwa, mpaka akafika Mtoni. Salme mwenyewe anaisimulia habari hiyo kwa majonzi. Hilo ndilo linalonitatiza kila nikikaa na kitabu chake: binti wa mtoto aliyeuzwa, mwenye jicho kali kwa kila kitu, mwenye kukumbuka rangi ya kila pazia la Beit al-Mtoni, hakuunganisha kilio cha mama yake na cha wale waliokuwa wakichuma karafuu. Wapo wasemao aliandika vile kuwapendeza Wajerumani. Siamini. Mtu aliyethubutu kuwaambia Wajerumani wa zama zile kuwa maisha yao ni baridi na hawajui kukirimu wageni hakuwa mwoga wa kusema alilolitaka.

Mwisho sahibu yangu alisoma Fatiha, akasema anamsomea Jilfidan, aliyekufa kwa kipindupindu Unguja mwaka 1859. Mimi nilimsomea niliyemkusudia, kimoyomoyo.

Mji wa Hamburg nao umeshindwa kukata shauri juu yake. Mwaka 2019 kiwanja kimoja upande wa kaskazini kilipewa jina la Emily Ruete, na mwaka uliofuata baraza la wilaya likaamua jina liondolewe kwa sababu ya maneno yake juu ya watumwa. Sahibu yangu aliona ni haki. Mimi naona walikosea mara mbili: kwanza waliliweka jina bila kusoma kitabu, kisha wakalitoa badala ya kuwaambia watu kilichoandikwa humo.

Alasiri tulitembea Uhlenhorst, kandokando ya ziwa la Alster, katika mtaa aliokaa na mumewe, Schöne Aussicht, yaani Mandhari Nzuri. Kwa kweli ni nzuri, maji mapana na mashua nyeupe za tanga. Barua zake, ambazo hakuzichapisha uhai wake na zilitolewa mwaka 1993, zinaonyesha kwamba kwa aliyetoka Unguja maji yale hayakutosha.

Tukiwa tumekaa kwenye benchi sahibu yangu aliniuliza nitaifanyaje ile sura ya watumwa nitakapoifikia. Aliwahi kunishauri niiruke, kwa kuwa wasomaji wetu wana majeraha na wengine wana visasi. Siku hiyo hakunishauri hivyo. Alitaka ifasiriwe yote, pasipo kulilainisha neno, na kila panapotajwa mtumwa aliyetajwa kwa jina, jina lake liandikwe wazi.

Nimekwisha kuianza. Ugumu wake hauko katika Kijerumani wala katika tafsiri ya Kiingereza ninayoitegemea, bali katika Kiswahili chenyewe, maana yeye anatumia neno moja mahali ambapo sisi tuna mtumwa, mjakazi, kijakazi, mzalia na mtwana, na kila nichaguapo moja najua ni nani katika mtaa wetu atakayelisoma na kumkumbuka nani.