Mchicha wa Edgware Road na Vita vya Wadudu

Wenye kukitayarisha kitabu chetu hiki walinitaka mwaka huu niandike habari za skuli zetu za zamani. Nikawaambia hayo yameshaandikwa na walio bora kuliko mimi. Niacheni niandike habari za mchicha. Wakacheka. Lakini kila aliyewahi kupanda ngazi za nyumba yetu karibu na soko la Church Street anaikumbuka roshani ya marehemu mama, na wengi wenu mmekula kilichotoka humo. Hiyo nayo ni taarikhi yetu, na tusipoiandika sisi hakuna atakayetuandikia.

Kwanza niieleze njia yenyewe kwa ajili ya vijana. Edgware Road imenyooka namna ile kwa sababu ni njia ya Warumi, ile iliyokuja kuitwa Watling Street. Inaanzia Marble Arch, penye pembe ya Hyde Park, inakwenda kaskazini ikibadilisha majina, mara Maida Vale, mara Kilburn, mara Cricklewood, kisha inalirudia jina lake mpaka Edgware yenyewe. Sisi tunaijua kwa maduka ya Waarabu, bamia na kotmiri zilizopangwa nje ya mlango. Lakini wakati wa Vita Vikuu vya Pili, pale pale Hyde Park palilimwa mboga, kwa ile kampeni ya serikali iliyoanza 1939 ya kuwahimiza watu walime kila kipande cha ardhi. Kwa hivyo mtu akikwambia kwamba kulima katikati ya London ni ushamba tuliokuja nao kutoka pwani, mjibu kwamba wenyeji walitutangulia.

Mama alifika mwaka 1984. Katika pindo la kanga alifunga mbegu za mchicha wa kwetu Bumbwini, nyeusi, ndogo kama punje za baruti. Hakuleta dhahabu, alileta mbegu. Akakusanya madebe matupu ya samli, akayatoboa chini kwa msumari, akaniagiza udongo na samadi ya farasi, nami kwa aibu nikabeba gunia zima ndani ya basi. Mwezi wa Mei akamwagia mbegu ndani ya nyumba, dirishani, na baridi ilipokwisha akayatoa madebe rošhani moja moja, kama mtu anayemzoesha mtoto maji ya bahari.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja kila siku. Akishasali Alfajiri, kabla ya chai, hutoka akainama na kugeuza majani, moja baada ya jingine, akitazama upande wa chini. Wanangu wakisema bibi anayasalimia majani. Akiona mayai ya mdudu huyaponda kwa kidole gumba. Akiona vidukari wachache huwapangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ya mche, kisha huliosha jani kwa maji matupu. Jani la chini lililogeuka manjano hulikata, maana huko ndiko wanakojificha. Maji humwagia asubuhi, tena kwenye udongo, si kwenye majani. Alikuwa haamini maji ya jioni, na baadaye nilipopata kiwanja cha kulimia nikaelewa kwa nini: ardhi ikilala maji, makoa na konokono hufanya karamu usiku kucha.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Majira ya joto ya 1987 mama alikwenda kukaa wiki mbili kwa dada yangu. Nilikuwa mwalimu kijana, mwenye haraka, nina vyeti, na nilihisi kwamba mambo ya kugeuza jani moja moja ni ya watu wasiojua sayansi. Vidukari walikuwa wameingia katika mchicha na katika maharagwe. Nikanunua kopo la dawa ya kupuliza, nikapuliza roshani nzima, juu na chini. Siku ya pili palikuwa pasafi, hapana mdudu hata mmoja, nami nikajiona hodari.

Mama aliporudi vidukari walikuwa wamesharudi kabla yake, tena wengi kuliko kwanza. Hakuwatazama wao. Aliinama akaokota chini vile vidudu vyekundu vya madoadoa meusi, vimekauka, akaviweka kiganjani akanionesha.

"Hawa umewaua kwa nini?"

"Mama, mimi nilikusudia vidukari."

"Umewaua askari, mwanangu. Wezi umewaacha."

Akaung'oa mchicha wote akautia katika mfuko wa taka. Hakukubali uliwe, wala hakukubali kuweka mbegu kutoka katika shina lililopulizwa. Na hapo ndipo nilipotambua nilichokifanya, kwa sababu mbegu za pindo la kanga zilikuwa zimeshapandwa zote, na yule mjomba aliyekuwa akilima mchicha ule Bumbwini alikuwa ameshafariki. Lilibaki debe moja tu, lililokuwa jikoni dirishani kwa kuwa lilikosa nafasi nje. Mashina manne. Mama aliyaacha yakachanua mpaka yakakauka, hakuchuma hata jani, na mwaka ule hatukula mchicha wetu.

Ilinichukua miaka kujua kwamba maneno yake ya askari na wezi hayakuwa mafumbo ya wazee. Kidukari jike huzaa bila ya dume, na huzaa watoto hai, nao baada ya siku chache huzaa. Kile kidudu chekundu kinachomla huhitaji wiki kadhaa kutoka yai mpaka kuwa mkubwa. Ukiwaua wote siku moja, anayerudi mwanzo ni mwizi. Mama hakusoma hayo popote. Aliyaona shambani, katika minazi, kwa maji moto.

Waliozaliwa huku hawawajui maji moto. Ni chungu wekundu wakali wa pwani yetu, wanaoshona majani mabichi kuwa viota kwa uzi wanaoutoa watoto wao. Ukipanda mti wao utashuka mbio. Babu yangu hakuruhusu kiota chao kikatwe katika mnazi, nasi watoto tukidhani ni ukaidi wa wazee. Kumbe mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 mtaalamu wa wadudu wa Kiingereza, M. J. Way, alikuwa Unguja akichunguza kwa nini vidaka na vitale vinapukutika kabla ya wakati. Akagundua kwamba mwenye kosa ni mdudu mmoja mnyonyaji, wa jamii ya kunguni wa mimea, na kwamba mnazi uliokaliwa na maji moto mdudu huyo haukai. Utafiti wake ulichapishwa 1953, na mdudu mwenyewe akaja kupewa jina la mtaalamu huyo, *Pseudotheraptus wayi*. Aliandika pia kwamba wako chungu wengine, sisimizi wenye vichwa vikubwa, wanaowafukuza maji moto na kuuacha mnazi bila ya mlinzi.

Lakini tusiwapambe kupita kiasi. Wachumaji wa karafuu waliwachukia maji moto, na walikuwa na haki, maana hakuna aliyechuma karafuu akafurahia kuumwa machoni. Tena maji moto huwafuga baadhi ya wadudu wanyonyaji kama sisi tunavyofuga ng'ombe, kwa ajili ya utamu wanaoutoa. Askari naye ana tamaa zake.

Jambo hili si la Unguja peke yake. Wachina walikuwa wakiweka viota vya jamaa wa maji moto katika michungwa yao tangu zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Na wale wetu wenye asili ya Yemen watafurahi kusikia kwamba Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyefia huko 1763, aliacha maandishi, yaliyochapishwa 1775, kwamba wenye mitende walikuwa wakiteremsha chungu kutoka milimani ili wawale wadudu wanaoiharibu.

Waingereza nao walikuwa na maji moto wao, ingawa ni wadogo kuliko ncha ya sindano. Mwaka 1926 mkulima mmoja wa tungule wa Hertfordshire, kaskazini ya London, aliona kwamba baadhi ya watoto wa nzi weupe katika majani yake wamegeuka weusi. Bwana E. R. Speyer wa kituo cha utafiti cha Cheshunt akaona kwamba ndani yao mmetagwa mayai ya nyigu mdogo mno, *Encarsia formosa*, na kwamba mtoto wa nyigu humla nzi kutoka ndani. Kituo kikawazalisha nyigu hao na kuwagawia wakulima, na wengine wakapelekwa mpaka Canada na Australia. Kisha ikaja DDT, na kufikia mwisho wa miaka ya 1940 kazi ile ikaachwa. Nani ahangaike na nyigu asiyeonekana, wakati kopo moja linaua kila kitu?

Tuwe waadilifu na DDT. Mimi nilizaliwa 1958, na nakumbuka wapuliza dawa wa malaria wakiingia majumbani kwetu na mabomba mgongoni, vyombo vyote vikitolewa uani. Kampeni ile ilimalizika Unguja na Pemba mwaka 1968, na malaria ikarudi. Dawa ile iliokoa roho za watoto, pengine na yangu. Makosa yalikuwa kuichukua ile ya ukutani, ya kumzuia mbu, ukaimwaga mashambani kama chumvi. Wadudu wakaizoea, ndege wakadhurika, na Rachel Carson wa Marekani akayaeleza hayo 1962 katika kitabu kilichowaamsha wengi. Marekani ikaipiga marufuku 1972. Uingereza ilingoja mpaka 1984, mwaka ule ule aliofika mama na mbegu zake. Na nyigu wa Cheshunt? Katika miaka ya 1970, nzi weupe walipokuwa hawafi tena kwa dawa, wakulima walimrudia, na mpaka leo huuzwa wakiwa wamegandishwa katika vikadi vya kutundika kwenye mitungule. Mimi huvinunua kila mwaka kwa ajili ya kibanda changu cha vioo.

Kibanda hicho kiko katika kiwanja nilichokipata 1996 upande wa kaskazini wa njia yetu, katika vile viwanja vidogo ambavyo kaunsili hukodisha watu walime. Sheria ya 1908 inazitaka kaunsili zitoe viwanja hivyo watu wakivihitaji, ila zile za katikati ya London hazilazimiki. Ndiyo maana wengi wetu wa upande wa Marble Arch tunapanda basi kwenda kulima. Mama alikuja kila Jumapili mpaka magoti yalipomkatalia. Alifariki 2006.

Huko kiwanjani adui mkubwa ni koa. Jirani yangu Muingereza, mtu mwema sana, humtegea bia katika kisahani kilichofukiwa ardhini. Koa hulewa akazama. Akanikaribisha nifanye hivyo, nikamwambia kwetu hata koa hatumnyweshi. Tukafanya hamira, sukari na maji ya vuguvugu, na wanaingia vile vile, kwani wanachokifuata ni harufu ya uchachu. Baada ya Isha mimi na wajukuu huzunguka na tochi na ndoo. Vile vidonge vya buluu vya kuulia konokono sikuvipenda kamwe, maana kalunguyeye na ndege hufa navyo, na tangu 2022 aina ile ya metaldehaidi hairuhusiwi kutumiwa Uingereza. Badala yake vipo vijinyoo vya kuchanganya na maji, vinavyouzwa tangu 1994, vinavyomwingia koa na kumuua. Vinataka udongo ulioanza kupata joto, si wa Februari.

Jivu linafaa likiwa kavu tu. Mvua ya hapa hulimaliza kwa saa moja. Kabichi haina dawa isipokuwa wavu, utandikwe kabla ya kipepeo mweupe hajataga. Kitunguu thomu na pilipili zilizotwangwa hufukuza kidogo, lakini zisikumalizie siku. Na mtu asiseme kwamba kila kitokacho katika mmea ni salama. Tumbaku iliyorowekwa ni sumu kali kwa mtu pia, na utupa, ambao wavuvi wa kwetu waliutumia kulevya samaki, hautakiwi kukaribia mboga wala maji. Hata pareto, ua lililoipatia Kenya fedha nyingi tangu miaka ya 1930, haichagui: ikimpata askari humuua sawa na mwizi. Mimi ninayo chupa moja ya maji ya pareto kibandani, na mwaka huu sikuifungua.

Ninachokifanya kila asubuhi ni kile cha roshani. Nageuza majani. Mwezi wa Juni mjukuu wangu wa miaka saba alikuta katika maharagwe mdudu mweusi mwenye michirizi ya rangi ya chungwa, mfano wa kijimamba, akanyanyua kidole gumba kumponda. Nikamshika mkono. Yule ni mtoto wa kidudu chekundu, bado hajavaa nguo zake, na hula vidukari kwa wingi kama wazazi wake wanavyowala. Tulikaa kitako tukamtazama akila mpaka mama yake akapiga simu kuuliza tuko wapi.

Mchicha wa yale mashina manne ungali hai. Mwaka huu nimepata mbegu za kujaza chupa mbili za jemu. Anayezitaka aje nyumbani Jumamosi yoyote baada ya Adhuhuri, au amwagize mtoto, na alete bahasha yake. Sharti ni moja: ayaache mashina mawili yakauke, mbegu zake azigawe.