Lakabu ya Mwanafunzi

Mwezi wa Machi 1908 jarida la Biometrika, lililokuwa likihaririwa London na Karl Pearson, lilichapisha makala ya kurasa 25 kuhusu kiasi cha kosa kinachoweza kutarajiwa katika wastani. Mwandishi hakutaja jina lake. Penye nafasi ya jina paliandikwa neno moja tu, Student, yaani Mwanafunzi. Wapenzi wa ushairi wa Kiswahili hawana haja ya kufafanuliwa ada hiyo, kwani watungaji wengi waliojibizana magazetini walijulikana zaidi kwa lakabu kuliko kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Lakini mshairi hujichagulia lakabu ili ajulikane. Mwanafunzi alijipa yake ili asijulikane.

Jina lake lilikuwa William Sealy Gosset. Alizaliwa Canterbury mwaka 1876, akasoma hisabati na kemia katika New College, Oxford, na mwaka 1899 akaajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Kiwanda hicho kilikuwa kikiwaajiri vijana wa sayansi ili kazi iliyokuwa ikiongozwa na ulimi na pua iongozwe pia na vipimo. Wakubwa wake, hata hivyo, hawakuwaruhusu wafanyakazi kutangaza utafiti kwa majina yao wenyewe. Aliyetaka kuandika ilimbidi ajifiche, na Gosset hakuwa peke yake katika kiwanda hicho aliyeandika kwa lakabu.

Maswali yaliyomfikia mezani yalikuwa mengi, lakini sura yao ilikuwa moja. Je, shayiri hii ni bora kuliko ile? Kimea cha shehena hii kitatoa sukari kiasi gani? Katika tone moja la hamira mna chembe ngapi? Hakuna awezaye kupima kila punje ya shehena. Mtu huchota kidogo, akapima, akatafuta wastani, mfano wa mpishi aonjaye mchuzi kwa upawa mmoja. Ila mchuzi uliokorogwa vyema una ladha moja chunguni mwote, ilhali shayiri haikorogeki hivyo: konzi ya kwanza haiwi sawa na ya pili, wala ya pili na ya tatu. Tena shamba la majaribio huvunwa mara moja kwa mwaka. Mwenye kutaka vipimo 100 vya mbegu moja angehitaji mashamba asiyokuwa nayo, au umri asioahidiwa. Gosset alikuwa na vipimo vinne, pengine kumi, na juu ya hivyo alitakiwa atoe shauri ambalo kiwanda kingelifuata kwa fedha nyingi.

Kanuni ya msingi ilikuwapo kabla yake. Abraham de Moivre, mkimbizi wa dini kutoka Ufaransa aliyejikimu London kwa kufundisha hisabati, alikuwa ameonyesha mwaka 1733 jinsi bahati inavyotulia kadiri majaribio yanavyozidi, na kwamba utulivu huo hauendi sambamba na idadi ya majaribio bali na kipeuo chake cha pili. Baada yake Laplace na Gauss wakaipanua elimu hiyo, na wapima nyota wakaitumia kuyasawazisha makosa ya macho yao.

Kanuni yenyewe si ngumu kwa mwenye subira. Tuseme mfukoni mna vikaratasi vitatu vilivyoandikwa 2, 4 na 6. Wastani wake ni 4. Kikaratasi cha kwanza kiko umbali wa 2 kutoka kwenye wastani, cha pili hakina umbali, cha tatu kiko umbali wa 2 tena. Umbali huo ukizidishwa kwa wenyewe hutoa 4, 0 na 4. Jumla ni 8, na ikigawanywa kwa tatu hupatikana 8/3. Hicho ndicho kipimo cha mtawanyiko. Sasa mtu achote kikaratasi kimoja, akisome, akirudishe, kisha achote tena, na atafute wastani wa namba hizo mbili. Njia za kuchota ni tisa, na wastani upatikanao katika kila njia ni 2, 3, 4, 3, 4, 5, 4, 5 na 6. Kitovu chake ni kile kile, 4. Lakini miraba ya umbali sasa inafanya jumla ya 12, nayo ikigawanywa kwa tisa hutoa 4/3. Mtawanyiko umepungua kwa nusu kamili.

Sababu yake iko wazi. Machoto mawili hayasikilizani. Mara moja kosa la la kwanza huelekea juu na la la pili likaelekea chini, yakafutana. Mara nyingine huelekea upande mmoja. Kwa hiyo mtawanyiko wa jumla ya machoto mawili ni 8/3 mara mbili, yaani 16/3. Ila jumla hiyo ikigawanywa kwa mbili ili uwe wastani, kila umbali hupungua nusu, na mraba wa umbali hubaki robo: 16/3 inakuwa 4/3. Machoto yakiwa matatu, mtawanyiko wa wastani hubaki theluthi. Yakiwa kumi, hubaki sehemu ya kumi. Na kwa kuwa umbali wa kawaida ni kipeuo cha pili cha mtawanyiko, anayetaka kupunguza kosa lake kwa nusu hana budi kuzidisha vipimo mara nne, na anayetaka kulifanya sehemu ya kumi huzidisha mara 100. Uhakika una bei, na kila hatua yake huwa ghali kuliko iliyotangulia.

Hayo Gosset aliyajua, na mwaka 1904 alikwisha kuwaandikia wakubwa wake taarifa ya kuwaeleza faida ya kanuni hiyo kiwandani. Kilichomsumbua ni jambo lililojificha ndani yake. Mwenye mfuko wa vikaratasi vitatu anaujua mtawanyiko wa mfuko, kwa sababu ameviandika mwenyewe. Mwenye shehena ya shayiri haujui. Analazimika kuukisia kutokana na vile vipimo vinne alivyo navyo, kisha atumie kisio hicho kupima uimara wa wastani utokanao na vipimo hivyo hivyo. Ni sawa na kumwomba shahidi atoe ushahidi, kisha kumwuliza yeye mwenyewe kama anaaminika. Vipimo vinne vikitokea kukaribiana kwa bahati tu, mtu atadhani shehena nzima imetulia, atangaze kwa kujiamini, na apotee. Wataalamu wa zama hizo waliokuwa na mamia ya vipimo hawakuiona hatari hiyo, maana katika mamia inafifia. Aliyekuwa na vinne hakuweza kuikwepa.

Mwaka 1906 kiwanda kilimpeleka London kwa muda wa mwaka mmoja, akafanya kazi karibu na Pearson. Huko ndiko alikotafuta mlinganyo wa kosa la wastani wa vipimo vichache, na alipoupata hakuridhika na karatasi peke yake. Alichukua vipimo vya wahalifu 3,000, urefu wa mwili na urefu wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto, vilivyokuwa vimekwisha chapishwa katika Biometrika. Kila mtu aliandikiwa kadi yake. Kadi zote 3,000 zikachanganywa barabara, zikachotwa moja moja na kuandikwa daftarini kwa jinsi zilivyotoka, kisha zikagawanywa nne nne. Yakapatikana mafungu 750. Kwa kila fungu alitafuta wastani na mtawanyiko wake, akalinganisha na wastani wa watu wote 3,000, ambao safari hii ulijulikana. Hapakuwa na mashine ya kumfanyia kazi hiyo isipokuwa zile za kuzungusha kwa mkono. Mafungu yakaja yakikubaliana vya kutosha na mlinganyo wake.

Matokeo yake yanaweza kusemwa kwa maneno machache. Mwenye vipimo vichache asinyamaze, lakini akiri kwamba anatetemeka zaidi kuliko alivyodhani. Kwa jedwali linalotumika leo, mtu aujuaye mtawanyiko wa kweli hupanua mipaka ya wastani wake mara 1.96 ya kosa la kawaida ili awe sahihi mara 95 katika 100. Anayeukisia kwa vipimo kumi hupanua mara 2.26. Anayeukisia kwa vinne hana budi kufika mara 3.18. Nyongeza hiyo ndiyo ushuru wa kutojua, na Gosset ndiye wa kwanza aliyewawekea watu kiwango chake.

Kwa miaka kadhaa makala hiyo haikushughulikiwa sana. Mwaka 1912 kijana wa Cambridge aitwaye Ronald Fisher alimpelekea Gosset uthibitisho kamili kwa njia ya jiometria ya pande nyingi; Gosset, asiyejidai ubingwa asiokuwa nao, aliupeleka kwa Pearson kwa kuwa yeye hakuweza kuufuata. Kitabu cha Fisher cha mwaka 1925 juu ya njia za takwimu kwa watafiti ndicho kilicholieneza jedwali la Mwanafunzi mashambani na maabarani.

Lakini aliyewafundisha watu kuthamini vichache ndiye pia aliyewaonya wasitegemee wingi. Mwaka 1930, katika wilaya ya Lanarkshire huko Uskoti, watoto wa shule 20,000 waliingizwa katika jaribio: 10,000 wapewe maziwa kila siku kwa miezi minne, 10,000 wasipewe, kisha walinganishwe uzito na kimo. Kwa kanuni ya wastani, idadi kubwa namna hiyo ingeacha kosa dogo mno. Mwaka uliofuata Mwanafunzi aliandika kwamba kazi yote ilikuwa imeharibika mlangoni. Walimu walikuwa wameruhusiwa kubadilisha watoto pale walipoona upande mmoja una walioshiba au wenye njaa kupita kiasi, na matokeo yakaonyesha kwamba tangu mwanzo wasiopewa maziwa walikuwa wazito na warefu kuliko waliopewa. Yamkini huruma ya walimu iliwasogeza watoto dhaifu kwenye upande wa maziwa. Isitoshe, watoto walipimwa wakiwa na nguo zao, mwanzo wakati wa baridi na mwisho wakati wa joto, na nguo za maskini hazikuwa na uzito wa nguo za wenye nacho. Alishauri kwamba jozi 50 za mapacha wanaofanana zingetoa jibu la kuaminika zaidi kuliko watoto wote 20,000.

Shauri hilo halipingani na kanuni ya vikaratasi vitatu; ni sharti lake. Mtawanyiko wa wastani hupungua kwa sababu machoto hayasikilizani na mkono unaochota hauchagui. Mkono ukianza kuchagua, hata kwa huruma, kosa halifutani tena. Huelekea upande mmoja tu, na wingi wa vipimo hauliondoi, bali hulipa sauti kubwa. Na jambo lililokuwa likiamuliwa Lanarkshire lilikuwa chakula cha watoto.

Gosset alihamia London mwaka 1935 kusimamia kiwanda kipya cha Guinness huko Park Royal, akafariki Oktoba 1937 akiwa na umri wa miaka 61. Hadi leo wanafunzi wa takwimu, wakiwamo wa vyuo vya Afrika Mashariki, hufungua jedwali lake kila wapatapo vipimo vichache. Jina lililo juu ya jedwali hilo silo alilopewa na wazazi wake. Ni lile alilolivaa ili afiche la kwanza, na ndilo lililobaki.