Kikanda, nyama ya mu udongo: mangaribi ya Lubumbashi bila mbuzi

Ukimuuliza mtu Lubumbashi inakula nini mangaribi, atajibu mbio: michopo na Simba. Na kweli, mbele ya nganda nyingi za Kenya, Katuba ao Kamalondo kuna mbuzi juu ya makala, na moshi yake inavuta watu toka mbali. Hatubishi. Lakini meza ya michopo ni meza ya siku ya kulipwa, na siku za kulipwa si nyingi. Sisi walimu tunajua jambo hilo kupita wengine. Kuna meza ingine, ile ya mama anayekaa juu ya kiti kidogo karibu na mlango wa nganda, beseni mbele yake, kisu mkononi. Ndani ya beseni kuna kitu cha rangi ya kahawia, kinachokatwa vipande kama sosiso. Ni kikanda, wengine wanasema chikanda. Kinaliwa na chumvi na pilipili, kinasindikiza bia vizuri, na ndani yake hamna nyama hata kidogo.

Tuliamua kuandika juu yake sababu ya mgeni mmoja. Miaka fulani iliyopita tulipokea Mhindi, mtu wa hesabu, ambaye kufuatana na dini yake hali nyama, wala samaki, wala yai. Tulitaka aone usiku wa kwetu, lakini tukajiuliza: tutampa nini? Tuliagiza bukari na sombe. Mama mpishi aliapa kwamba sombe yake haina nyama. Tulipofunua sahani, ndagala walikuwa wanatuangalia. Yule mama hakudanganya: kwake ndagala si nyama. Lugha yetu ya Lubumbashi yenyewe inampa haki, maana kwetu mboga ni kila kitu kinachosindikiza bukari, yaani lengalenga, maharagwe, samaki, hata kuku. Anayekwepa nyama katika mji huu asiulize kama kuna nyama. Aulize: «Mumetia nini ndani?»

Tulipotoka nje na haya yetu, muuza kikanda akatuita: «Baba mwalimu, aonje kwanza, njo mutauliza bei!» Mgeni aliangalia kile kipande, akarudisha mkono. Aliamini ni sosiso ya ng'ombe. Ilibidi mama atoe katika mfuko wake mizizi mikavu aliyonunua siku ile sokoni, ndipo akakubali. Alikula kipande, akaomba cha pili, akamaliza na kikombe cha munkoyo. Toka siku ile aliuliza mambo ambayo sisi, wenyeji, tulikuwa hatujawahi kujiuliza.

Kikanda kinatoka katika viazi vidogo vya maua ya porini ambayo wataalamu wanaita okidi, za makundi matatu hasa: Disa, Satyrium na Habenaria. Mengi yanaota kwenye dembo, yale majani mabichi yanayoshika maji katikati ya pori. Wanawake wanachimba, wanaosha, wanakausha, wanatwanga mpaka unga. Pembeni wanatwanga karanga. Maji yanachemka na chumvi, pilipili na kidogo ya soda. Zamani walitumia maji yaliyochujwa katika majivu. Unga wa karanga unaingia, kisha ule wa mizizi, na hapa mkono usilale, sababu chungu kinaanza kushikana na kuvuta. Mwishoni mama anafunika, anaweka makala ya moto juu ya kifuniko na chini, mpaka kikanda kikauke juu na kukaza ndani. Kikipoa, kinakatwa. Karanga ndizo zinazoshibisha. Mizizi ni gundi inayoshika yote pamoja.

Kilifikaje katika mji wa shaba? Ni chakula cha Wabemba na majirani wao, kama vile Walala na Walamba. Mapatano ya 1894 kati ya Uingereza na Leopold wa Pili yaliweka mpaka katikati ya watu hao, lakini chungu hakikujua mpaka. Elisabethville ilizaliwa mu 1910, mwaka ambao reli kutoka Rhodesia ilifika. Miaka ile ya kwanza, kampuni ya Robert Williams ilitafuta wafanyakazi wengi Rhodesia ya Kaskazini (Zambia tangu 1964) kwa ajili ya Union Minière. Mwanaume anayekuja peke yake hatwangi kikanda. Ila karibu na 1928 Union Minière ilibadili siasa yake: ilitaka mfanyakazi akae na bibi na watoto ndani ya kambi. Kampuni ilitoa posho ya unga, nyama, chumvi. Wanawake walileta yale mengine yote. Vitabu vya historia vinahesabu tani za shaba. Chungu cha mama hakikuhesabiwa na mtu.

Usiku nao ulikuwa na sheria yake. Mwafrika hakuruhusiwa kutembea usiku mu mji wa Wazungu bila karatasi ya ruhusa. Kwa hiyo mangaribi ilibaki cité, ndani ya Albert (leo Kamalondo) na Kenya, mbele ya viwanja, kwa taa ya mafuta. Desturi ya kula barabarani kipande kwa kipande, tukizungumza, imekuwa na nafasi kubwa ya kukomaa pale.

Halafu ikaja taabu. Gécamines, iliyotoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka mu miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 mu 1994. Posho ikakatika, mishahara pia. Wanawake wengi waliingia barabarani na beseni, na wakati ule si wachache waliosoma juu ya kikanda walichouza mama zao. Wengine walikiita chakula cha masikini. Tunakataa: Mkristo wa Ijumaa ya Kwaresima anakinunua, na mwenye gari anasimamisha gari.

Jambo linalotusumbua ni lingine. Okidi hizi zina kiazi cha zamani na kiazi kipya. Mchimbaji anataka kile kipya, kilicho kigumu, ambacho mmea ungetumia mwaka unaofuata. Akikitoa, mmea umekufa. Kuulima si rahisi, sababu mbegu yake haioti bila kuvu fulani ya mu udongo. Zambia mizizi ilipungua, biashara ikapanda mpaka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Uchunguzi wa miaka ya 2000 ulikadiria kwamba pale kulichimbwa viazi kati ya milioni 2 na 4 kwa mwaka, na mu 2005 Tanzania ilifanya Kitulo kuwa hifadhi ya taifa, sababu mojawapo ikiwa maua hayo. Okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, yaani kuzivusha mpaka kunadai karatasi. Muulize mama wa Kenya kama anaijua karatasi hiyo.

Tulimuuliza yule wetu mizizi yake inatoka wapi. «Mbali, baba mwalimu. Zamani tulichimba hapa karibu, pale makala imemaliza pori.» Akatuonyesha kopo analonunulia: bei ni ileile ya msimu uliopita, lakini kopo limekuwa dogo, na viazi ndani yake ni vidogo kama maharagwe. Sasa anaongeza karanga. Tulionja. Kilivunjika mkononi.