Mfalme bila uso: ndururu ya 1936 na uvumi wa mamilioni

Leo tuweke programu kando kidogo tuzungumzie sarafu. Huku kwetu Entarara, na hata ukishuka hadi Kitengela mjini, uvumi huzuka kila baada ya muda kwamba ukiwa na sarafu ya zamani yenye jina la mfalme fulani wa Uingereza, basi wewe ni milionea. Ujumbe hupita kutoka simu hadi simu. Kisha hutokea "wakala" anayeomba pesa kidogo za "usajili" kabla ya kukutafutia mnunuzi Ulaya. Wazee wamepoteza pesa hivyo. Nimeona heri tuichambue habari hii taratibu kama tunavyochambua hitilafu kwenye programu, tujue ukweli uko wapi na uongo unaanzia wapi.

Tuanze na historia. Kabla ya shilingi, Kenya ilitumia rupia, kwa sababu biashara ya pwani na ujenzi wa reli vilifungamana na Bara Hindi. Kampuni ya Imperial British East Africa ilitengeneza sarafu zake za Mombasa mwaka 1888, zenye picha ya mizani. Baadaye serikali ya kikoloni ilitoa senti za rupia, na mwaka 1907 ikajaribu senti moja ya alumini. Chuma hicho hakikuvumilia hali ya hewa yetu, na haukupita muda kikaachwa.

Mwaka 1919 ikaundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake London. Mwaka 1920 ikaleta florini, na mwaka 1921 florini nayo ikaondolewa na kuja shilingi yenye simba na milima nyuma yake. Fikiria mtu wa kawaida aliyelazimika kujifunza rupia, florini na shilingi katika miaka michache! Mwaka huohuo wa 1921 walowezi walikubaliana kupunguza mshahara wa Waafrika kwa thuluthi moja, jambo lililochochea harakati za Harry Thuku. Kwa hiyo sarafu hizi si mapambo. Ndizo zilizolipia kodi ya kichwa na ya nyumba, na ndizo zilizopungua kwenye mshahara.

Sasa tuje kwenye ndururu (senti tano) na peni yetu (senti kumi). Hizi ni sarafu za shaba zenye tundu katikati, na mtu aliweza kuzitunga kwenye uzi. Upande mmoja una pembe za ndovu zilizozunguka tundu, maneno EAST AFRICA na mwaka. Upande wa pili una taji na jina la mfalme kwa Kilatini. Uso wa mfalme haupo, kwa sababu mahali pa uso pana tundu.

Shika hilo la tundu, maana ndilo kiini cha habari yote.

Tarehe 20 Januari 1936 Mfalme George wa Tano alifariki, na mwanawe Edward wa Nane akatawala. Desturi ya Uingereza ni kwamba kila mfalme mpya hutazama upande tofauti na aliyemtangulia kwenye sarafu. George alitazama kushoto, basi Edward alipaswa kutazama kulia. Yeye akakataa. Alitaka kushoto, akiamini upande huo wa uso wake unapendeza zaidi. Picha ikachorwa, ikajadiliwa, na sarafu za Uingereza zikapangwa kutoka mwanzoni mwa 1937. Lakini tarehe 11 Desemba 1936 ufalme wake ulikoma, kwa kuwa alitaka kumwoa Wallis Simpson, Mmarekani aliyekuwa ameachana na waume wawili. Sarafu zenye uso wake hazikutolewa kwa umma wa Uingereza. Zilibaki chache za majaribio, na ndiyo maana mwaka 2020 moja ya dhahabu iliuzwa kwa pauni milioni 1.

Huo ndio mzizi wa uvumi. Pauni milioni 1 ni kweli. Uongo ni kudai kwamba ndururu ya babu yako ni kitu kilekile.

Ukiandika programu utaelewa upesi. Sarafu ya Uingereza ilitegemea picha, na picha ilitegemea idhini ya mfalme mwenyewe. Sehemu moja ikichelewa, kazi yote inasimama. Ndururu haikuwa na utegemezi huo. Ilitosha kubadilisha maandishi, kuondoa GEORGIVS V na kuweka EDWARDVS VIII, kisha mashine ziendelee. Hivyo mfalme ambaye Waingereza hawakumwona kwenye peni zao alifika mifukoni mwa watu wa Kajiado, Kampala na Tanga. Shilingi na sumuni, ambazo zilihitaji uso wake, hazikutoka kwa jina lake. Na kwa kuwa ndururu na peni za Edward zilitengenezwa kwa wingi, hadi leo zinapatikana kwa urahisi na bei yake ni ndogo.

Je, utaipimaje yako? Kwanza usitazame mwaka peke yake, soma jina. Kisha tafuta herufi ndogo inayoonyesha kiwanda: H ni Heaton wa Birmingham, KN ni Kings Norton, na pasipo na herufi kwa kawaida ni kiwanda cha kifalme cha London. Baada ya hapo tazama uchakavu. Kwenye sarafu zenye uso, wapimaji huangalia nywele na nyusi, ila hapa hakuna uso, kwa hiyo angalia sehemu zilizoinuka: mistari ya taji, migongo ya pembe za ndovu na kingo za herufi. Taji likiwa limelainika kabisa lakini jina linasomeka, hiyo imetumika sana. Mistari yote ikionekana na rangi ya awali bado ipo, hiyo imetumika kidogo au haikutumika kamwe. Na tafadhali usiisugue kwa majivu, ndimu wala dawa ya meno! Mng'ao wa kusugua humfukuza mkusanyaji, maana ngozi ya asili ikitoka hairudi.

Kuipiga picha hakuhitaji kamera ya gharama. Iweke kwenye karatasi isiyong'aa karibu na dirisha, mwanga uje kutoka upande mmoja ili herufi zitoe kivuli. Zima taa ya simu. Simu iwe sambamba na sarafu, la sivyo tundu litaonekana kama yai. Tumia kihesabu muda ili mkono usitikise. Piga pande zote mbili, na usizirekebishe rangi. Halafu fanya jambo ambalo wengi hulisahau: andika kwenye jina la faili sarafu ilikotoka, kwa nani, na alikuwa akiitumia kwa kazi gani. Sarafu ya 1936 ziko nyingi duniani. Iliyotoka kwenye kibuyu cha bibi yako, na habari yake ikaandikwa, ni moja tu.

Mwaka 1964 ndururu na peni zilitolewa bila jina la mfalme wala malkia. Mwaka 1966 Kenya ikaanza kutoa sarafu zake, na nyuso zikarudi, safari hii za marais wetu. Katiba ya 2010 ikakataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa, na tarehe 11 Desemba 2018 sarafu mpya zikazinduliwa zikiwa na twiga, kifaru, simba na ndovu. Hesabu mwenyewe: ni miaka 82 kamili tangu Edward aache kiti chake.

Kwa hiyo akikujia mtu na habari za mamilioni, mwombe akuonyeshe uso wa mfalme. Akikuonyesha tundu, mwambie bei unaijua, na pesa ya usajili humpi.