Kasi ya Mtambo na Toni ya Kinyamwezi

Mwaka 1909 Erich von Hornbostel alichapisha katika jarida la Anthropos uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi, akiegemea sauti zilizonaswa kwa fonografu na kuhifadhiwa katika hazina ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa na Carl Stumpf mwaka 1900. Kwa mwanaisimu anayechunguza lugha za nchi ya Tabora, kutoka Unyanyembe hadi Ipole, ambako Unyamwezi unakaribiana na Ukimbu, swali la kwanza kuhusu santuri za nta kama hizo si maana ya maneno, bali ni kasi ya mtambo.

Silinda ya nta haitunzi kumbukumbu ya mwendo wake. Ikizungushwa mara mbili ya kasi ya awali, sauti hupanda oktavo nzima. Mpagazi mzima akageuka mtoto. Hornbostel na mwenzake Otto Abraham walilitambua hilo, wakaagiza filimbi ya kupimia, yenye mitetemo 435 kwa sekunde, ipulizwe katika kila silinda.

Hata hivyo, filimbi hushuhudia pale tu ilipopulizwa. Kinyamwezi ni lugha ya toni. Wimbo wote ukipanda kwa kiasi kimoja, uhusiano wa toni ya juu na ya chini husalia. Hatari imo katika springi inayolegea: mtambo ukipunguza mwendo wakati wa kurekodi, kisha silinda ikachezwa kwa mwendo usiobadilika, sauti hupanda kidogo kidogo kuelekea mwisho. Mteremko wa toni, uliozoeleka katika lugha nyingi za Kibantu, huweza kufunikwa kabisa.

Kasoro hiyo baadaye ilifanywa sanaa. Space Echo RE-201 ya Roland, iliyotolewa Japani mwaka 1974, huzungusha kitanzi cha tepu mbele ya vichwa vitatu vya kusomea. Kasi ikipunguzwa, mwangwi huchelewa, na sauti iliyokwisha kunaswa hushuka. Itakayonaswa baadaye kwa kasi hiyohiyo hurudi na kimo chake halisi.

Katika nyimbo za kuitikiana, kiitikio ndicho kipimo bora kuliko filimbi: maneno yaleyale hurudi tena na tena. Yakipanda kila yanaporudi, mtambo unashukiwa. Ingawa waimbaji nao, wakichangamka, hupandisha sauti.