Neva Nyembamba

Macho yangu yanachezacheza tangu nizaliwe. Ayeeyo, nyanya yangu, alisema ni jicho la hasidi. Miwani haikufaa kitu: kasoro iko kwenye neva ya jicho, iliyobaki nyembamba tangu tumboni mwa mama.

Mwaka 1956 Georges de Morsier wa Geneva alihusisha neva hiyo na kukosekana kwa utando mdogo katikati ya ubongo. Mwaka 1970 William Hoyt na wenzake, huko San Francisco, wakaihusisha na udumavu: tezi ya pituitari haitoi homoni ya kutosha.

Habari hizo zilikawia kuvuka mto Tana. Huku Iftin, mtaa wa Garissa, asiyeona aliambiwa neno moja, Thika, ambako Jeshi la Wokovu lilifungua shule mwaka 1946. Huko ulijifunza nukta nundu. Homoni ilikuwa habari nyingine.

Mdogo wangu alinipita kimo. Watu wakasingizia ukame (Garissa ukame husingiziwa kila kitu). Damu ilipopimwa, kotisoli, homoni inayotegemea tezi ya pituitari, ilikuwa chini. Siku hizi homa ikinishika naongeza haidrokotisoni, dawa ya kuziba pengo hilo, kama nilivyoelekezwa, maana bila hiyo sukari huweza kushuka hadi mtu akazimia, hata akafa.